Imebaki Vifungo Tu

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo ni mwongo. Sisemi mafundi wote ni waongo, anayetaka kubisha na abishe. Najisemea mimi. Kwa miaka thelathini na moja nimewaambia wateja "imebaki vifungo tu" wakati kitambaa chao kimekunjwa vilevile walivyokileta, hata mkasi haujakiona. Mjini wananiita Bi Kesho. Zamani walikuwa wananong'ona, siku hizi wananiita hivyo usoni, nami naitika.

Mdogo wangu alikuwa kinyume changu. Alizaliwa na miezi saba, tisa ilimshinda kungoja, na tangu siku hiyo hakuchelewa popote. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na alifika shuleni mlinzi bado anatafuta ufunguo wa geti. Mimi nilimwita Kiherehere. Kwetu tulizaliwa wawili tu, na wazazi walipofariki kila mmoja wetu akawa kila kitu cha mwenzake, ingawa ukitusikia tukibishana ungedhani tuna kesi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikuwa na siku yetu ya kuzurura. Hatukuwa na shida yoyote mjini, ni kuzurura tu. Tulipanga kukutana saa nne asubuhi kwa fundi viatu, tupite kwa muuza vitabu, tuingie duka la vifungo, tumalizie mkahawani, meza ya pembeni. Hivyo ndivyo tulivyopanga. Ukweli ni kwamba ikifika saa nne yeye yuko pale na mimi niko kitandani. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusimama mahali pamoja kama nguzo, alimwachia fundi viatu ujumbe: "Dada akipita, mwambie nimetangulia." Akifika kwa muuza vitabu, vilevile. Mimi nikawa nafuata nyuma, nikiulizia kituo hadi kituo, na mara nyingi nilimkuta mkahawani chai yake iko nusu.

Jumamosi moja mwaka jana, saa sita mchana, alinipigia simu.

"Dada, uko wapi?"

"Niko njiani," nikamwambia. "Tangulia, nakuja."

Nilikuwa kitandani. Sijaoga, sijapiga mswaki. Mguu mmoja ulikuwa umetoka nje ya shuka, na labda huo ndio uliokuwa njiani. Nikasukuma simu chini ya mto, nikageukia ukutani, nikauchapa usingizi tena.

Nilifika mkahawani saa tisa. Nilimkuta amelaza kichwa juu ya mkono wake pale mezani. Nikaanza kumsema kabla sijavuta kiti, maana ukiwa na kosa ni vizuri uwe wa kwanza kugomba. Nikamwambia aamke, watu wanamwona, mwalimu mzima analala hadharani kama hana kwake. Nilimsema dakika nzima, na mikono nimeshika kiuno. Nilikuwa namgombeza maiti. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata ningefika mapema huenda kusingebadilika kitu. Hilo neno "huenda" nimeishi nalo kuliko nilivyoishi na mume.

Msibani watu walipanga foleni kunishika mkono, na kila mmoja aliniambia neno lilelile: ametutangulia. Nilitamani kumzaba kibao kila aliyelisema. Wao walisema kwa wema, lakini mimi nilijua nani alimwambia atangulie.

Nikaacha kukanyaga katikati ya mji. Uzi na sindano niliagiza, wateja walinifuata nyumbani. Kilichokuwa kinanila si kifo chenyewe peke yake. Kulikuwa na swali moja, na ninaliandika hapa waziwazi kwa sababu sikuwahi kuliuliza kwa sauti. Je, mdogo wangu alikufa amenikasirikia? Alikaa pale saa baada ya saa akitazama mlango. Alikuwa anawaza nini juu yangu?

Kulikuwa pia na gauni. Alikuwa ameniletea kitambaa cha kijani chenye madoa meupe, miezi minne kabla, akaomba gauni la kola ndogo lenye vifungo mbele. Kila alipoulizia nilimjibu kama mteja yeyote: imebaki vifungo tu. Siku tuliyomzika, kitambaa kilikuwa rafuni, kimekunjwa. Baada ya arobaini nikakishusha, nikakikata. Nilishona polepole karibu mwaka mzima, nikifumua na kurudia, mshono wa bega peke yake niliufumua mara tano. Kisha Ijumaa moja nikatoboa na kuzungushia uzi matundu saba ya vifungo, nikalitundika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi nikaweza kusema kweli. Lilikuwa limebaki vifungo tu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nikaoga mapema, nikalitia gauni mfukoni pamoja na sindano na uzi, nikatoka.

Mji asubuhi ile ulikuwa umefungua milango bila pupa. Vinyozi walikuwa wanamwagia maji vizingiti vyao, mtu alikuwa anapaka rangi upya dirisha la duka la rangi, jambo lililonichekesha peke yangu. Nilipokuwa napita chini ya vibaraza nikasikia mbele yangu sauti niliyoijua. Kwi. Kisha kimya cha hatua moja, kisha tena, kwi.

Kiatu cha kushoto cha mdogo wangu kilikuwa kinalia. Kilianza kulia kama miezi miwili kabla hajafa, na nilimtania kwamba sasa hata wanafunzi wake watajua anakuja. Viatu hivyo viko kabatini kwangu, juu, ndani ya boksi. Nikasimama. Sauti nayo ikasimama. Nikatazama mbele, hakuna mtu ila mzee mmoja anafungua gazeti. Nikajiambia viatu vinavyolia mjini ni vingi, nikaendelea, lakini roho ilikuwa juu juu.

Fundi viatu anakaa chini ya ngazi za jengo la zamani la benki, mahali ambapo jua linafika saa moja tu kwa siku. Ni mtu wa makamo, mdomo wake siku zote una misumari, kwa hiyo huongea kwa upande mmoja.

"Bi Kesho," akasema bila kuinua kichwa. "Leo umewahi. Nyota gani imeanguka?"

"Nimewahi," nikasema.

Akagonga msumari mmoja, akagonga wa pili. "Mwenzako amepita. Amesema ukija nikwambie ametangulia. Yuko kwa vitabu."

Mtu huyu alikuja msibani. Nilimwona kwa macho yangu, amevaa suruali aliyonishonesha mimi, ambayo nilimcheleweshea wiki sita.

"Amepita lini?" nikauliza.

"Saa nne kamili, si unamjua. Kile kiatu kinalia. Nimemwambia keti nikipige gundi, dakika tano tu, amekataa. Anasema hawezi kukaa leo."

"Kwa nini hawezi?"

"Hakusema. Ameondoka haraka." Akatoa misumari mdomoni, akanitazama kwa mara ya kwanza, akawa kama anataka kuongeza kitu. Sikumsubiri. Nikajiambia kazi ya gundi imempanda kichwani, si wa kwanza. Nikavuka barabara, na huko mbele, nyuma ya watu waliosimama posta, kiatu kikalia tena.

Nakiri niliharakisha. Mwanamke wa umri wangu mwenye mfuko wa gauni, nikipenya watu kwa mabega kama nakimbilia treni. Nilikuwa naogopa kumkuta na naogopa kutomkuta, na sikujua ipi inanisukuma zaidi.

Muuza vitabu hutandaza vitabu vyake vikuukuu kando ya ukuta wa posta. Mdogo wangu alikuwa na tabia iliyonitia aibu. Alisoma riwaya pale pale, amesimama, kila mwezi kurasa kumi au ishirini, akikunja pembe ya ukurasa aliofikia. Muuza vitabu alimwachia kwa sababu aliwahi kumfundisha mtoto wake kusoma.

Hakunisalimu. Aliinama, akatoa kitabu kutoka kwenye sanduku lililokuwa nyuma yake, si kwenye vile vya kuuza, akanipa. Pembe zilikuwa zimekunjwa tangu mwanzo, ngazi kwa ngazi.

"Ameniambia ukipita nikwambie ametangulia," akasema. "Yuko kwenye vifungo."

"Na wewe pia?" nikasema.

"Amesoma sana leo. Amesoma mpaka ukurasa wa mwisho." Akakipokea kitabu, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Halafu akakifunga. Pa! Mpaka nikashtuka. Akatazama saa yake, akaenda."

Alikifunga pa. Nikasimama pale, nikaona picha nzima. Mdogo wangu amesimama juani mpaka riwaya ikaisha, anatazama saa, anafunga kitabu kwa hasira. Mtu aliyengoja mpaka hadithi ya watu wengine ikamalizika, na dada yake bado yuko njiani. Nilitaka kurudi nyumbani. Hata nilikwisha kugeuka. Lakini kiatu kililia upande ule wa vifungo, taratibu, hatua za mtu anayeangalia madirisha ya maduka, na miguu yangu ikafuata bila kuniuliza.

Duka la vifungo ni jembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene wanapaswa kukubaliana kwanza. Droo zimepanda mpaka darini, kila moja imeshonewa kifungo kimoja mbele ili ujue kilichomo. Mwenye duka ni mjane, tumejuana tangu hatujaolewa, na ni mtu pekee mjini ninayeogopa ulimi wake.

Nilipoingia akaniangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Mdogo wako amesema..."

"Ametangulia," nikamkatiza. "Yuko mkahawani. Nyinyi mna nini leo? Mmekaa kikao? Mtu amekufa mwaka jana, mmekuja mmekula msibani, leo mnaniambia amepita! Mnanifanyia mchezo, au mnataka niokote makopo?"

Alinisubiri nimalize. Akavuta kigoda akanikalisha kwa kunibonyeza bega.

"Amepita kweli," akasema. "Mwaka jana. Siku ileile. Alimwachia kila mmoja wetu ujumbe wako, na wewe hukupita. Siku ile ulikatiza njia ya nyuma moja kwa moja mpaka mkahawani. Baada ya hapo hujakanyaga huku."

"Si mngenipa msibani?"

"Tungekwambiaje? Tukushike mkono tuseme 'ametangulia'? Kila mtu alikuwa anakwambia hivyo. Ungetusikiaje sisi?" Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Tulikubaliana wote. Ujumbe ni wa siku ya kuzurura. Siku Bi Kesho atakapopita, kila mtu atampa wake, kama alivyoachiwa, bila kupunguza. Tumengoja mwaka mzima, na wewe ulivyo mchelewaji."

Nikacheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Aliniacha. Alipanda ngazi fupi, akafungua droo ya juu kabisa, isiyo na kifungo mbele, akashuka na bahasha ndogo.

Ndani mlikuwa na vifungo saba, vyeupe, vyembamba, vya kung'aa kidogo ukivielekeza kwenye mwanga. Nikatoa gauni, nikaviweka juu ya kitambaa. Ningehangaika siku nzima nisingepata vinavyofaa zaidi. Kwenye bahasha, kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa za mviringo wanazofuatisha watoto, aliandika: *Dada. Vifungo hivi hapa. Sasa huna cha kusingizia.*

Nikaisoma mara tatu. Ilikuwa inaweza kuwa utani. Ilikuwa inaweza pia kuwa mtu aliyechoka, aliyeamua siku hiyo kusema. Kama aliamini kweli vimebaki vifungo, basi nilimdanganya hadi mwisho. Na kama alijua, basi alijua mimi ni mtu wa namna gani. Niliyachungulia maneno yale kama unavyochungulia upande wa nyuma wa mshono, lakini maandishi hayana sauti.

"Alikuwa amekasirika?" nikamuuliza mjane. Ilikuwa mara ya kwanza swali lile kutoka nje ya kifua changu.

"Alichagua vifungo, nikamfungia, akaomba kalamu. Duka lilikuwa na watu, sikumtazama uso." Akanishika kiganja. "Nenda mkahawani."

Nilikwenda. Njia nzima kiatu kilikuwa mbele yangu, si mbali, kama umbali wa nyumba mbili. Sikukimbia tena. Kwenye kona ya mkahawa kikanyamaza.

Mhudumu wa pale ni mtu mzima, koti lake jeupe nimelitia viraka mimi mwenyewe kwenye viwiko. Aliponiona aliweka sinia chini. Alinitangulia mpaka meza ya pembeni, akanivutia kiti, kisha akaenda akarudi na chai mbili. Moja akaiweka mbele yangu. Ya pili akaiweka mbele ya kiti kitupu, akaifunika kwa kisahani.

"Amefika sasa hivi," akasema.

"Nani?"

"Ndiyo maneno niliyoachiwa." Alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. "Aliingia hapa saa sita kasoro. Akakupigia simu pale alipokaa. Alipomaliza akaniita, akaagiza chai mbili, akasema ya kwako niifunike. Akaniambia: 'Dada yangu akija, usimwambie nimekaa muda mrefu, ataumia. Mwambie nimefika sasa hivi.'"

Nikashika ukingo wa meza.

"Alisema hivyo vipi? Kwa hasira?"

"Hasira ya nini? Alikuwa anacheka. Mpaka akajifuta macho. Alisema, 'Eti yuko njiani. Huyo hajaoga. Nikimsikia tu kwenye simu najua hajaoga.'" Mhudumu akakiweka kisahani sawa juu ya kikombe. "Halafu akasema amesoma riwaya mpaka mwisho, mwisho wenyewe mbaya, kaipiga kofi, sasa anasikia usingizi. Akalaza kichwa. Nilidhani amelala, Bi Kesho. Nilipita hapa mara nne na kitambaa, nikafuta meza za jirani polepole nisimwamshe. Ulipoingia siku ile unagomba, nikaja mbio nikwambie 'amefika sasa hivi'. Nikauona mkono wake umekakamaa, ndipo nikashindwa kusema."

Naye alikuwa amebeba lake mwaka mzima, na mimi sikuwahi kumwuliza hata hujambo. Nikamwambia hana kosa. Nikamwambia daktari alisema huenda, nikarudia lile neno kana kwamba ni dawa. Akatikisa kichwa, akaenda jikoni akakaa huko kidogo.

Nikatoa gauni, sindano na uzi. Nikashona pale pale mezani, watu wanaingia na kutoka. Kifungo cha kwanza nikajidunga. Cha pili na cha tatu vikakaa sawa. Nje jua lilikuwa la saa sita, jua ambalo mwaka jana lilinikuta chini ya shuka. Nilimwambia kimoyomoyo mambo ya kijinga, kwamba kola niliikata mara mbili, kwamba kitambaa chake kinateleza kama sabuni na kingemtia wazimu fundi yeyote mwaminifu. Nilimwambia kwamba nilimdanganya. Nilifikiri nitaogopa kusema hivyo, lakini kwa mtu aliyejua hata kama nimeoga, nilikuwa namwambia habari ya zamani.

Kifungo cha saba nikakikaza, nikakata uzi kwa meno. Gauni limekwisha. Nikalifunga lote kuanzia chini hadi kolani, nikalitandaza kwenye kiti kitupu, mabega juu ya mgongo wa kiti. Lilimkaa vizuri. Samahani, ndivyo nilivyoona.

Nikavuta kikombe changu, na nilipokiinua, kiatu kikalia chini ya meza. Kwi. Kikapita kando ya goti langu. Kikaelekea mlangoni, hatua za mtu asiye na haraka, ambaye anajua atafuatwa. Mhudumu aliinua kichwa, kisha akarudia kufuta meza ileile aliyokwisha kuifuta. Siku nzima nilikuwa nimekimbizana na sauti ile. Sasa ilikuwa imesimama kizingitini, inanisubiri kama ilivyonisubiri maisha yote, na nikajua kwamba nikiinuka nitaifikia.

Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

"Tangulia," nikamwambia. "Nakuja. Nimeshaoga."